Haki ya Mtu Aliyeungua Kazini
Maneno yaliyosemwa na Ofisi ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Twashukuru kwa kupewa nafasi hii baada ya hesabu za Mweka Hazina, ijapokuwa twajua jua limepanda na wengine mmetoka mbali. Halmashauri ilituagiza tuseme juu ya jambo moja tu, nalo ni haki ya mtu aliyeumizwa na moto au mvuke kazini, na njia ya kuipata haki hiyo. Hatusemi kama mawakili, kwa kuwa sisi si mawakili. Sisi ni makarani wenu, na kazi ya karani ni kuandika yaliyotokea na kuyasoma mbele ya wenyewe, hata yakiwa yanamwaibisha karani.

Basi tutaanza na aibu yetu. Katika mwaka wa 2021 mwanachama mmoja aliunguzwa miguu kwa mafuta ya kukaangia katika jiko la hoteli alikokuwa akifanya kazi. Mwajiri alimletea shilingi 15,000 pamoja na karatasi iliyosema kwamba amepokea malipo kamili na hana dai jingine. Yule ndugu alikuja ofisini kwetu akatuomba tuwe mashahidi. Sisi tuliona ni jambo jema, kwa kuwa fedha zilikuwa mezani na watoto walikuwa na njaa. Tukatia sahihi na mhuri wa Chama. Ngozi ya mguu mmoja ilipojikunja ikavuta kifundo, akashindwa kusimama siku nzima, alirudi kwetu kuuliza. Miezi 14 ilikuwa imekwisha kupita tangu siku ya ajali. Tulipokwenda kuuliza mahali panapohusika, tuliambiwa kwamba dai limechelewa. Ndugu huyo yumo humu mkutanoni leo, naye ametupa ruhusa kusema haya bila kutaja jina lake. Twamwomba radhi mbele yenu.

Jambo la pili lilitokea mwezi wa Machi mwaka wa 2023. Kijana wetu mmoja alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha kufulia nguo za mahoteli, kwa mshahara wa shilingi 18,000 kwa mwezi. Bomba la mvuke lililotoka kwenye boila lilikuwa limefungwa kwa kitambaa na mpira kwa muda wa majuma mengi, na wafanyakazi walikuwa wamemwambia msimamizi. Asubuhi moja bomba lilipasuka, mvuke ukamchoma mkono wa kuume, shingo na kifua. Alilazwa hospitali majuma 11, akapandikizwa ngozi iliyotolewa pajani mwake.

Mwezi wa Julai watu wawili walitumwa na mwajiri nyumbani kwa mama yake. Walileta shilingi 30,000 na karatasi, maneno yake yakiwa karibu sawa na ya ile ya mwaka wa 2021. Tuliitwa tuwe mashahidi. Twakiri, Wazee wetu, kwamba kalamu ilikuwa tayari mkononi. Mama wa kijana, ambaye hakusoma shule, ndiye aliyetuzuia. Aliuliza, "Je, wanangu, mkono huu ukikataa kunyooka mwaka ujao, karatasi hii itamlipa daktari?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Wale wageni wakaondoka na karatasi yao, nasi tukarudi ofisini kutafuta yale tuliyopaswa kuyajua zamani.

Tuliyoyapata ni haya. Nchini Kenya dai la mtu aliyeumia kazini linaongozwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007, iliyoanza kutumika mwezi wa Juni 2008 na kuchukua mahali pa sheria ya zamani ya fidia iliyotoka siku za ukoloni. Sheria hii yawahusu wafanyakazi wote, hata wa Serikali, isipokuwa askari wa majeshi. Msingi wake ni kwamba mfanyakazi hana haja ya kuthibitisha kosa la mwajiri. Yatosha kwamba aliumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Hata kama mfanyakazi mwenyewe alifanya uzembe wa makusudi, haki haimpotei ikiwa ajali imeleta ulemavu mkubwa au kifo. Tena yampasa kila mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima kwa ajili ya mambo haya.

Wengi wetu tumezoea kusema, "Tutampeleka mahakamani." Hapa yatupasa kuwa waangalifu. Sheria hiyo yakataza mfanyakazi kumshtaki mwajiri mahakamani moja kwa moja ili alipwe kwa ajali ya kazini. Jambo hili lilibishaniwa miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ilipoamua tarehe 3 Desemba 2019 kwamba katazo hilo halipingani na Katiba. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni ofisi ya Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, yenye matawi katika kaunti. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi aweza kupeleka pingamizi kwake katika siku 60, na akijibiwa asiridhike, aweza kukata rufani katika siku 30 mbele ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mtu akianzia mahakamani, huenda akapoteza miaka na nauli kisha akaambiwa arudi alikopaswa kuanzia.

Sasa juu ya muda. Mfanyakazi amwarifu mwajiri mara moja, kwa maandishi kama iwezekanavyo, naye abaki na nakala. Mwajiri naye ampelekee Mkurugenzi habari ya ajali katika siku 7 tangu kuijua. Na ikiwa mtu amefariki, katika saa 24. Dai lenyewe lifikishwe katika miezi 12 tangu siku ya ajali. Kwa mtu aliyeungua, muda huu ni mtego. Kovu la moto halikomai upesi. Laweza kuendelea kujikunja na kuvimba kwa mwaka mzima au zaidi. Mgonjwa husema, "Nitangoja nipone kwanza ndipo nidai." Anapopona, mwaka umekwisha. Ndiyo sababu twasema, arifu leo, upimwe baadaye.

Wanachama huuliza, malipo huhesabiwaje? Kuna sehemu tatu. Ya kwanza ni gharama za matibabu pamoja na kumsafirisha mgonjwa, ambazo ni juu ya mwajiri. Ya pili ni mshahara wa siku ambazo mtu hawezi kufanya kazi, ikiwa zimefika 3 au zaidi, nao huendelea kwa muda usiozidi miezi 12. Ya tatu ni ulemavu wa kudumu. Huu huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 96, na daktari hukadiria ni sehemu gani katika mia. Kijana wetu hakuweza kufanya kazi miezi 8, yaani shilingi 144,000. Mwezi wa Februari 2024 daktari alikadiria ulemavu wake kuwa 25 katika mia. Miezi 96 kwa shilingi 18,000 ni shilingi 1,728,000. Robo yake ni shilingi 432,000. Jumla ni shilingi 576,000. Wazee wetu, zilinganisheni na zile 30,000 tulizotaka kuzishuhudia.

Mwajiri huyo hakuwa ameiarifu ofisi ya Mkurugenzi. Sisi tuliandika barua mwezi wa Agosti 2023, mwezi wa tano baada ya ajali, tukaipeleka kwa mkono na kugongewa mhuri wa kupokelewa. Sheria yamtaka mwajiri au kampuni yake ya bima alipe katika siku 90 baada ya dai kufikishwa kwake. Fedha zilifika mwezi wa Juni 2024, baada ya safari nyingi na barua nne. Hatuwaambii kwamba njia ni nyepesi. Ofisi zina kazi nyingi, na mnyonge huchoka. Lakini njia ipo.

Kilichotusaidia zaidi ni karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na dai ni vivyo hivyo. Tulikuwa na hati ya mshahara ya mwezi wa mwisho. Cheti cha hospitali kilichotaja tarehe na chanzo cha kuungua. Stakabadhi za dawa. Picha za majeraha zilizopigwa kwa simu kila mwezi. Na maneno ya wenzake wawili walioliona lile bomba kabla halijapasuka. Ijapokuwa kosa la mwajiri si lazima lithibitishwe, maneno yao yaliondoa ubishi kwamba ajali ilitokea kazini. Ndugu yule wa mwaka wa 2021 hakuwa na lolote katika haya, wala hatukumwambia aviweke.

Yafaa pia tuwataje walioungua si kazini, kama vile abiria wa gari lililowaka au mpangaji aliyeunguzwa kwa uzembe wa mwenye nyumba. Hao njia yao ni mahakama, nao hupaswa kuthibitisha uzembe. Kwa kawaida muda wao ni miaka 3, lakini dai lililo juu ya Serikali ni miezi 12 tu. Mtoto huhesabiwa muda wake akiisha kutimiza miaka 18. Dai lisilozidi shilingi milioni moja laweza kusikilizwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka wa 2021. Nasi hatuwezi kutaja moto bila kukumbuka Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, na Sinai ya Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011, ambako watu wengi mno walikufa palipomwagika mafuta. Hakuna fidia inayomrudisha mtu. Mafuta yakimwagika, waiteni watoto wenu warudi nyumbani.

Tena jihadharini na watu wanaozunguka wodini wakisema, "Nipe jina lako, nitakuletea wakili, tutagawana." Sheria ya mawakili hairuhusu kazi kutafutwa kwa njia hiyo, wala mapatano ya kwamba wakili atalipwa tu ikiwa dai litafaulu. Asiye na uwezo aulize Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka wa 2016.

Jambo moja tena ni la nyumbani, nalo si la sheria. Mtu akiungua, mwageni maji safi ya baridi yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20, mvueni pete na saa kabla hajavimba, kisha mfunikeni kwa kitambaa safi na kumpeleka hospitali. Msimpake mafuta, wala dawa ya meno, wala mayai. Kijana wetu alipakwa mafuta ya kupikia na wenzake waliompenda, na wauguzi walifanya kazi kubwa kuyaondoa.

Basi, Bwana Mwenyekiti, Halmashauri yaleta maombi matatu mbele ya Mkutano huu. La kwanza, kuwe na kanuni kwamba hakuna ofisa wa Chama atakayetia sahihi wala mhuri katika karatasi yoyote ya mapatano ya mtu aliyeumia, kabla karatasi hiyo haijasomwa kwa mgonjwa na jamaa yake katika lugha wanayoielewa, na kabla ofisi ya Mkurugenzi haijaulizwa. La pili, zitengwe shilingi 200 kwa kila mwanachama kwa mwaka, ziwe mfuko wa nauli, nakala na ada ya daktari kwa wenye madai. Kwa kuwa tuliona kwamba mtu hushindwa kwa kukosa nauli ya kufika ofisini mara tatu, hata akiwa na haki kamili. La tatu, ndugu yetu wa mwaka wa 2021 apewe mtaji mdogo kutoka katika akiba ya Chama, ili afungue kazi ya kukaa. Hii si fidia, kwa kuwa Chama hakina uwezo wa kulipa kilichopotea. Ni kukiri kwamba mhuri wetu ulisaidia kukipoteza.

Kijana wa kiwanda cha nguo amenunua cherehani mbili, naye hushona pamoja na dada yake katika soko letu. Mkono wake haunyooki mpaka mwisho. Alituambia kwamba wakati wa baridi kovu humvuta usiku, akaamka. Twasema haya ili asije mtu akafikiri kwamba alipata bahati. Alipata sehemu ya kile alichostahili, naye alikipata kwa sababu mama yake aliuliza swali ambalo sisi tuliosoma hatukuliuliza.

Wazee wetu, mkikubali maombi haya, tuinulieni mikono. Mkiyakataa, tuambieni sababu nasi tutaiandika. Yote mawili ni kazi yetu.