Kuishi Maisha ya Ushindi wa Kiroho na Kuwavuta Wengine kwa Imani: Zamu ya Maji na Gunia la Kitunguu Katika Kata ya Baray

Mada kwa semina ya wazee wa kanisa, wainjilisti na viongozi wa vijana, Baray, Wilaya ya Karatu



1. Maana ya maneno

Ushindi wa kiroho ni kuishi bila kutawaliwa na dhambi, kwa nguvu za Kristo. Yohana, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 5, anaufungamanisha na imani. Kuwavuta wengine ndiko Yesu alikokufundisha kwa mfano wa chumvi na taa. Haya tumeyasikia tangu darasa la kipaimara, nami sitakawia hapo. Muda uliobaki nitautumia shambani, kwa sababu huko ndiko tunakoshindwa.

2. Tatizo

Kata yetu inaishi kwa kitunguu, na kitunguu kinaishi kwa chemchemi za Qang'dend. Ziwa Eyasi liko jirani, lakini maji yake ni ya chumvi, hayaoteshi kitu. Kwa hiyo Mwiraqw mwenye shamba, Mdatoga mwenye ng'ombe, Mhadzabe anayeitwa kibarua wakati wa palizi na mgeni aliyekodi ekari mbili, wote tunatazamia maji yale yale. Ndiyo maana pakawekwa zamu.

Usiku mmoja nilitoka kwenye mkesha wa maombi saa tisa, nikapita kando ya mfereji. Maji ya zamu ya mjane mmoja yalikuwa yamegeuzwa, yanajaza majaruba ya mpendwa mwenzetu. Kijana wake wa kazi alikuwa amesimama pale na jembe. Tajiri wake nilikuwa nimemwacha kanisani, bado anaimba. Asubuhi jirani wa yule mama, asiye Mkristo, aliniuliza kama mkesha wetu ulikuwa wa kuombea maji. Sikuwa na la kumjibu. Mtu yule tumemhubiria miaka mingi.

Kwenye gunia la kitunguu ni hivyo hivyo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inakataza lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake. Gunia lisizidi kilo 100. Sisi sote tunajua linavyoshonewa kilemba hadi wabebaji wanayumba, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Tunalalamika, na tuna haki. Lakini baadhi ya madalali wanaosimamia ushonaji ule ni waumini wetu. Na mkulima naye, ili afidie, anaficha katikati vitunguu vilivyooza na vile vya shingo mbichi, ambavyo vitaozesha vingine kabla ya kufika Nairobi. Kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyeanza. Paulo, katika Warumi 12, anasema ubaya hushindwa kwa wema. Basi mkulima anayelipiza kisasi ndani ya gunia ameshindwa, hata kama amefunga siku saba.

Naomba nieleweke. Siwashtaki viongozi wa kanisa wala kamati za maji. Najua ugumu wa kazi yao. Haya ni maoni yangu, si tamko la kanisa. Lakini jambo hili nimelisema kwenye vikao vingi, na kila mara linaandikwa chini ya "mengineyo", saa ambayo watu wameshashika kofia.

Wazee wetu wa imani hawakuliweka huko. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Kampala, wakaomba pamoja. Uamsho wa kiroho ukaenea kutoka Gahini, Rwanda, hadi Bukoba, hapa nchini kwetu, na humo ndimo alimotoka Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani. Waliookoka katika uamsho ule walirudisha walivyoiba, kama Zakayo. Majirani waliamini toba yao walipoona mali inarudi.

3. Mapendekezo

Kwanza, kila usharika uwe na mizani yake, na muumini asishone gunia bila kupima. Pili, dalali aliye muumini akatae kilemba hadharani, mbele ya mnunuzi. Tatu, mkulima asifiche kitunguu kibovu. Narudia, hata kama amepunjwa. Nne, aliyechukua maji ya mwenzake amrudishie zamu, kisha ndipo aje atoe ushuhuda. Tano, kibarua alipwe siku ile ile, kabla sadaka ya mavuno haijatengwa. Yakobo, sura ya 5, ameonya vikali kuhusu ujira unaozuiwa. Sita, anayeomba kuwa mzee wa kanisa aulizwe habari zake kwa majirani wa mferejini, wakiwemo wasio Wakristo. Saba, mikesha iendelee, lakini wenye mashamba wawaambie vijana wao wa kazi kabla ya kuingia kanisani kwamba mfereji usiguswe. Nane, Wakala wa Vipimo waalikwe kutufundisha vipimo. Tisa, suala la gunia na maji liondolewe kwenye "mengineyo", liwe ajenda ya kwanza.

Kuhusu mizani, nimekwisha kuongea na wazee watatu walio tayari kuchangia. Naomba, Mheshimiwa Mwenyekiti, tusifunge semina hii leo kabla hatujateua watakaokwenda kuinunua.