Figo za Mbwa Samoyed na Ugonjwa wa Alport: Mazungumzo kwa Wakazi wa Guangzhou Wasemao Kiswahili



Mbwa aina ya Samoyed, yule mweupe mwenye manyoya mengi, ana wapenzi wengi nchini China. Pengine hutokea mtoto wa kiume wa mbwa huyo, aliyezaliwa buheri wa afya, akaanza kukonda, kunywa maji kupita kiasi na kukojoa mara kwa mara. Jirani hudhani ana maradhi ya kuambukiza. Watoto hukatazwa kumgusa, na wengine hushauri atupwe. Hofu hiyo haina msingi. Ikiwa ni ugonjwa wa kolajeni, mnyama huyo amezaliwa nao, wala hawezi kumwambukiza mtu wala mbwa mwenziwe.

Kolajeni ni jamii ya protini zinazoipa nguvu ngozi, mifupa na kano. Ile ya aina ya nne hujenga utando mwembamba unaochuja damu ndani ya figo. Nyuzi zake tatu husokotwa pamoja kama miyaa ya ukili. Mmoja ukikosekana, ukili haukazi. Ndipo protini na damu hupenya na kuingia katika mkojo, na chujio huharibika taratibu.

Mwaka 1994 ilibainishwa kasoro ya jeni katika ukoo mmoja wa mbwa Samoyed waliokuwa wakichunguzwa nchini Kanada. Jeni hiyo imo katika kromosomu X, kwa hiyo dume, mwenye X moja tu, huumwa vibaya: protini huonekana katika mkojo akiwa na umri wa miezi michache, na kwa kawaida hafikii miaka miwili. Jike mwenye kasoro hiyo huumwa kwa wepesi zaidi, lakini huweza kuirithisha. Kwa mbwa aina ya English Cocker Spaniel mambo ni mengine: sharti kasoro itoke kwa baba na kwa mama. Anayenunua mtoto wa mbwa ana haki ya kuuliza habari za wazazi wake, na muuzaji asiyetaka kuulizwa ni wa kutiliwa shaka.

Dawa ya enalapril ilirefusha maisha ya madume ya Samoyed, ingawa haikuwaponya. Dozi hupangwa na daktari wa mifugo. Ibuprofen ya binadamu asipewe mbwa kamwe, kwani huweza kuziua figo zake. Zabibu nazo ni hatari kwake.

Hata asiyefuga mbwa ana sababu ya kuyasikia haya. Binadamu ana ugonjwa huohuo, uitwao Alport kwa jina la tabibu Cecil Alport, aliyeueleza mwaka 1927 katika familia moja ambamo maradhi ya figo yaliandamana na uziwi. Dalili yake ya mwanzo ni damu katika mkojo, mara nyingi isiyoonekana kwa macho.

Hapa pana mtego. Kwa mzazi aliyekulia Pemba au pwani ya Tanga, mvulana akikojoa damu ni kichocho, na dawa yake ni praziquantel. Mara nyingi husadifu. Lakini kichocho kilichopo China ni cha aina nyingine, kinachoshika matumbo na ini, si kibofu. Kwa hiyo daktari wa Guangzhou huenda asikifikirie kile cha nyumbani, na mzazi naye huenda asifikirie jambo jingine ila hicho. Basi daktari aelezwe yote mawili: mtoto alioga katika maji gani na lini, na katika ukoo, hasa upande wa mama, nani alipata maradhi ya figo au alipoteza usikivu angali kijana. Iwapo damu ingalipo baada ya kichocho kutibiwa, iombwe tena kupimwa protini katika mkojo, pamoja na shinikizo la damu na usikivu. Ugonjwa ukijulikana mapema, dawa za jamii ya enalapril huweza kuahirisha kushindwa kwa figo kwa miaka mingi.