Tuwachangie Wangali Hai

Hotuba ya mwanachama kwenye harambee ya mwaka ya wana Ukerewe waishio Dar es Salaam

 

Wengi mnanijua kama dada wa madera, Mtaa wa Kongo. Mkikuta fremu yangu imefungwa wiki nzima, mnadhani nimefuata mzigo. Leo niseme ukweli: siku hizo huwa nimelala kwa maumivu. Nina sikoseli, au selimundu. Nimezaliwa nayo.

Chembe nyekundu za damu ya wengi wenu ni za mviringo na laini. Zangu hujikunja kama mundu, zikawa ngumu na kuziba mishipa myembamba. Fikirini Mtaa wa Kongo siku mbili kabla ya Idi, mkokoteni ukwame katikati: hapiti mtu. Damu nayo hukwama hivyo, na mfupa unaokosa oksijeni huuma kuliko uchungu wa kuzaa. Nasema hivyo kwa sababu nimezaa. Miaka ikipita, mishipa ya fahamu yenyewe hubadilika, maumivu yakabaki hata siku ambayo hakuna kilichoziba. Tena chembe ya kawaida huishi kama siku 120, yangu 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana tunapungukiwa damu kila mara.

Mdogo wangu alikuwa nayo pia. Alifariki mwaka 1996, hapa hapa mjini, akiwa na miaka saba. Wiki mbili kabla, baba alizunguka Kariakoo yote akitafuta watu wa kumtolea damu na pesa ya dawa. Alipata watu wawili. Mtoto alipofariki, jioni moja tu zilipatikana pesa za jeneza, gari la kwenda Mwanza na nauli ya meli hadi Nansio. Simlaumu mtu. Tulizikwa nanyi, na shukrani yetu haijaisha. Ila sisi tunajua kuchangia maiti kuliko mgonjwa, na jambo hilo linaniuma.

Kule nyumbani walisema tumerogwa, wengine wakamsema mama. Ndugu zangu, huu ni urithi wa pande zote mbili. Mtu mwenye kinasaba kimoja haumwi. Tena kinasaba hicho humkinga na malaria kali, ndiyo maana kimejaa Kanda ya Ziwa na Pwani. Wakioana wawili wenye nacho, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Inakadiriwa kuwa watoto 11,000 huzaliwa na sikoseli Tanzania kila mwaka.

Habari njema ni kwamba leo siyo 1996. Muhimbili ina mpango wa wagonjwa wa sikoseli tangu 2004. Ipo dawa ya haidroksiyurea, inayopunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu. Tangu 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inapandikiza uloto kwa watoto wenye ugonjwa huu.

Lakini dawa hunywewa kila siku, na haisubiri mauzo. Kuna vipimo, kuna bajaji ya usiku, kuna siku saba za kulala huku kodi ya fremu ikihesabika. Mimi nimewahi kuuza mzigo kwa hasara ili nipate pesa ya dawa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, ila kadi ya bima nayo ina mchango wake, na wapo wazazi kati yetu wasioumudu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

Kwanza, kando ya mfuko wa rambirambi, tufungue mfuko wa matibabu, uanze na kadi za bima za watoto wetu wenye sikoseli.

Pili, tuwe na orodha ya wachangiaji damu. Mwanaume mwenye afya anaweza kuchangia kila miezi mitatu, mwanamke kila minne. Mzazi asizunguke tena mitaani usiku.

Tatu, vijana wapime kabla ya kuoana, na mtoto mchanga apimwe mapema. Mwenye sikoseli akipata homa, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Mdogo wangu angekuwa na umri wa baba wa watoto sasa. Pengine ndiye angesimama hapa, mimi nikabaki dukani.

Mwenyekiti, naomba uandike jina langu la kwanza kwenye mfuko huo: shilingi laki moja taslimu, na fremu yangu iwe kituo cha kupokea michango. Hata ikifungwa, jirani yangu atapokea.