Kanda ya Wanaume wa Nyumbani



Nimetakiwa niseme machache juu ya muziki wa kufokafoka. Nitasema juu ya kanda moja tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijana wawili wa Tanga, Mkoloni na Dokta John, walitoa albamu yao ya kwanza, "Ukweli Mtupu". Walijiita Wagosi wa Kaya. Msambaa hahitaji tafsiri. Kwa wengine, maana yake ni wanaume wa nyumbani.

Wakati ule wafokaji wengi walijitahidi kusikika kama Wamarekani, au walau watu wa Dar es Salaam. Hawa walifoka kwa lafudhi hii hii ya Ngamiani, tuliyochekwa nayo kila tulipokwenda ugenini. Katika "Tanga Kunani" waliuliza mji wa mkonge, bandari na viwanda umepatwa na nini. Nchi nzima ikasikiliza.

Fedha, hiyo ni hadithi nyingine. Siku zile msanii alipeleka kanda mama kwa msambazaji Kariakoo, akapewa fungu lake, basi. Zimetolewa nakala ngapi? Ajuaye ni mwenye mashine. Sheria ya Hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999, COSOTA ikaanzishwa 2001, lakini sheria haimhesabii mtu kanda zake.

Nanyi mnaorekodi kwa simu bwenini (Mwalimu Mkuu asisikie hilo), kanda hazipo tena, mikataba ipo. Kabla ya kutia sahihi, ileteni kwetu. Wanasheria tunao humu humu ukumbini, na hawatawatoza kitu.