Mashine Iliyojibu "Kwa Nini?"

Msikilizaji, akili mnemba ya siku hizi inasifiwa kwa kujua mengi. Leo naisifu mashine ya zamani kwa jambo moja: ukiihoji, ilijieleza.

Iliitwa MYCIN. Edward Shortliffe na wenzake waliiunda katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, iwasaidie madaktari kutibu maambukizi ya damu. Walikaa na mabingwa, wakawadodosa, wakaandika ujuzi wao kwa mamia ya kanuni za "ikiwa" na "basi". Kwa mfano: ikiwa kipimo cha Gram ni hasi, bakteria ana umbo la fimbo, na anakua pasipo oksijeni, basi huenda ni Bacteroides, kwa uhakika wa 0.6 kati ya 1.

MYCIN ilimuuliza daktari swali baada ya swali. Daktari akishangaa, aliandika: kwa nini unauliza hivyo? Nayo ikamwonyesha kanuni inayoifuata. Akiona kanuni ina kasoro, mabingwa waliirekebisha.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1979 yalionyesha kuwa, kwa wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo, hakuna daktari aliyelinganishwa nayo aliyeipita. Hata hivyo, haikuwahi kutumika wodini.

Mifumo ya aina hii, inayobeba ujuzi wa mabingwa kwa kanuni, huitwa mifumo ya kitaalamu. Ilikwama wapi? Kampuni ya Digital Equipment ilikuwa na mfumo mwingine kama huo, XCON, uliopanga sehemu za kompyuta kwa kila oda. Kanuni zake zilifika maelfu, na kila bidhaa mpya ilidai nyingine. Tena, bingwa hawezi kutamka kila anachokijua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 biashara ya mifumo ya kitaalamu ikaporomoka, na baadaye zikatawala mashine zinazojifunza zenyewe kutoka kwenye data. Zina uwezo mkubwa, ila sababu za uamuzi wao mara nyingi hata waundaji hawazioni.

Na ndizo zinazozidi kupewa kazi ya kuamua nani akopeshwe na nani aajiriwe. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kifungu cha 35 kinataka ujulishwe uamuzi mzito unapofanywa na mashine peke yake, na kinakuruhusu kuomba ufikiriwe upya. Haki hiyo ipo kwenye karatasi. Itafanya kazi siku wananchi watakapoidai kwa maandishi, na mkopeshaji au mwajiri akalazimika kumweka mtu wa kuwajibu.