Kiti cha Mlezi: Maneno ya Kumkumbuka Sir Andy Chande



Kamati ya sherehe imenipa heshima ya kunena machache juu ya maisha ya mtu mmoja wa asili yetu ya Kigujarati aliyeitumikia Tanzania kwa muda mrefu, hasa watoto wake. Mtu huyo ni marehemu Jayantilal Keshavji Chande, ambaye wengi walimfahamu kwa jina la Sir Andy Chande. Alifariki dunia mwezi Aprili 2017, akiwa na umri wa miaka 88.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1928, akakulia Bukene, katika nchi ya Wanyamwezi, kwenye reli itokayo Tabora kwenda Mwanza. Wazee waliowahi kupanda treni ile wanaifahamu Bukene: kituo kidogo, maduka machache, na wakulima waletao mazao yao. Nayataja haya ili vijana wetu wajue kwamba mtu huyu hakuanzia Dar es Salaam penye majumba marefu. Alianzia mahali padogo, kama hapa tulipo, ambapo mwenye duka anamjua kila mteja kwa jina na kila mtoto kwa jina la baba yake.

Familia yake ilifanya biashara, ikakua, ikawa na viwanda vya kusaga nafaka. Ndipo likaja Azimio la Arusha, mwezi Februari 1967, na vinu vya nafaka vikawa miongoni mwa mali zilizotaifishwa. Hebu tafakarini, ninyi wafanyabiashara wenzangu. Mali iliyojengwa na baba na mwana inaondoka mikononi mwenu kwa tangazo moja. Kisha Serikali hiyohiyo inakuombeni mwendelee kuisimamia, safari hii kwa niaba ya taifa. Bwana Chande alikubali. Aliliongoza Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo unga na mchele wake ulifika mezani pa mamilioni ya Watanzania.

Mwaka 1971 majengo mengi ya kupangisha nayo yalitaifishwa, na jamaa zetu wengi wakafunga mizigo wakaelekea Uingereza, Kanada na kwingineko. Mimi siwalaumu, kwa maana kila mtu aliupima uzito wa mzigo wake mwenyewe. Lakini Bwana Chande alibaki, na katika miaka iliyofuata akaitwa tena na tena kuketi katika bodi za mashirika ya umma. Mwaka 2003 Malkia wa Uingereza alimpa nishani iliyomletea jina la Sir, na mwaka 2005 akachapisha kitabu cha maisha yake, akikitaja kijiji chake cha Bukene katika jina la kitabu hicho.

Hata hivyo, leo sikusimama hapa kwa ajili ya nishani. Nimesimama kwa ajili ya watoto.

Kwa miaka mingi Sir Andy aliongoza bodi ya Shule ya Sekondari Shaaban Robert pale Dar es Salaam, shule iliyopewa jina la mshairi wetu mkuu wa Kiswahili. Alikuwa pia mlezi wa Shule ya Viziwi Buguruni, iliyofunguliwa mwaka 1974, wakati ambapo nchi nzima ilikuwa na shule moja tu ya namna hiyo kabla yake, ile ya Tabora. Alishiriki pia katika mpango wa mguu wa Jaipur, ambao uliwapa viungo vya bandia bila malipo watu waliopoteza miguu. Nani anajua ni wangapi waliotembea kwa sababu hiyo?

Naomba tuangalie kwa makini namna ya utumishi huu. Kumpa mtoto daftari ni jambo jema, nalo humalizika siku hiyohiyo. Kuketi katika bodi ya shule ni jambo la namna nyingine. Unakuta mishahara imechelewa, paa la bweni linavuja, hesabu hazilingani, na mwalimu bora anataka kuhama. Hakuna apigaye makofi, wala hakuna mpiga picha. Unarudi mwezi ujao, na mwaka ujao, na muongo ujao. Hicho ndicho nikiitacho kiti cha mlezi. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kulea hakuna siku ya kufunga hesabu.

Sisi Wahindu tuna neno seva, yaani utumishi usiodai malipo. Kila Diwali tunafungua vitabu vipya vya hesabu na kuviombea baraka. Ni desturi nzuri. Mimi, mtu niliyesoma hadi sekondari tu kisha nikaingia dukani, nimefungua vitabu hivyo miaka mingi. Najua vizuri kwamba ukurasa wa mapato hatuusahau. Sir Andy alitufundisha kuwa na ukurasa mwingine, wa watoto wasio wetu.

Sasa nirudi hapa nyumbani. Kerende inafahamika kwa dhahabu. Mgodi wa North Mara uko jirani nasi, na ulipoanza kazi mwaka 2002 watu walimiminika kutoka kila upande. Dhahabu huvuta watu wazima, na watoto huja nyuma yao. Yuko mtoto ambaye angekuwa darasani, lakini anaona mawe yana faida ya haraka kuliko kalamu. Yuko pia binti ambaye likizo ya Desemba, badala ya kuwa furaha, kwake ni msimu wa hofu, kwa sababu ya ukeketaji. Tangu mwaka 1998 sheria ya nchi inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Tangu Januari 2016 ada ya shule ya sekondari hadi kidato cha nne imefutwa. Sheria ipo, na ada haipo. Kinachopungua ni watu wa kuketi na kufuatilia.

Nimesikia baadhi yetu wakisema: sisi ni wachache, mambo ya mila si yetu, tukisema tutaonekana tunawaingilia wenyeji. Hoja hii ina uzito, na siidharau. Wazee wangu wa mila mlio mbele yangu, sikuja kuwafundisha ninyi mnaoijua nchi hii kuliko mimi. Najua pia kwamba binti akikimbia usiku, mara nyingi mlango wa kwanza anaougonga ni wa jirani. Jirani hachaguliwi kwa ukoo wala kwa dini. Watoto wa Buguruni hawakuwa wa ukoo wa Chande.

Kwa hiyo naleta maombi mawili mbele ya wanachama wa hekalu letu. La kwanza: tuwateue wenzetu wawili wenye uzoefu wa hesabu, wajitolee kuzisaidia kamati za shule za hapa, iwapo walimu na wazazi watawakubali, na wasiondoke baada ya mwaka mmoja. La pili: kila mwaka, kabla ya Desemba, tutenge magunia ya mahindi, maharage na mafuta kwa ajili ya vituo vinavyowahifadhi mabinti, kama kile cha Masanga hapa Tarime, na vile vya wenzetu ng'ambo ya Mto Mara, Serengeti.

Mtasema ni kidogo. Lakini mtu tunayemkumbuka leo alikuwa msagishaji, na msagishaji anajua kipimo cha kibaba. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwenyezi Mungu amweke pema Sir Andy Chande, aibariki Kerende na watoto wake wote, na atupe sisi moyo wa kuketi katika viti visivyo na malipo.