MAJI TUNAYOYANYWA

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Khayega



Halmashauri imetutuma tuseme nanyi juu ya maji tunayoyanywa. Huenda jambo hili likaonekana dogo mbele ya hesabu za karo na za matanga mlizokwisha kusomewa. Sisi hatulioni kuwa dogo. Kila mwaka Chama hutoa fedha kwa ajili ya wagonjwa na kwa ajili ya mazishi, nasi twachangishana bila kunung'unika. Ni haki basi tuulize pia magonjwa hayo hutoka wapi.

Mwezi wa Aprili 2023 jina la Khayega lilisikika Kenya nzima, wala si kwa habari njema. Shule ya Wasichana ya Sacred Heart Mukumu ilifungwa baada ya wanafunzi wengi kushikwa na kuhara, kutapika na maumivu ya tumbo. Baadhi ya wanafunzi walifariki, na mwalimu mmoja pia. Wizara ya Afya ilitangaza kwamba vipimo vilionyesha vijidudu vya E. coli na vya Salmonella typhi, ambavyo humwingia mtu kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Hatuyakumbushi haya ili kumtia mtu yeyote hatiani. Hiyo ni kazi ya wenye mamlaka. Twayakumbusha kwa kuwa mvua inyeshayo juu ya shule ndiyo inyeshayo juu ya migomba yetu, na udongo ni ule ule. Watoto wa shule waliugua pamoja, nchi ikawaona. Watoto wa maboma yetu huugua mmoja mmoja, na hakuna gazeti liandikalo habari zao.

Wazee wetu walituachia desturi ya kuyapima maji kwa macho, kwa pua na kwa ulimi. Maji yakiwa maangavu, baridi na bila harufu, yalihesabiwa kuwa mema. Siku zile watu walikuwa wachache na nafasi baina ya boma na boma ilikuwa kubwa. Leo mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu, na kila nyumba imechimba choo chake. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba katika mililita 100 za maji ya kunywa, kiasi kisichofika nusu ya kikombe cha chai, asionekane kijidudu hata mmoja wa E. coli. Hakuna jicho la mzee wala la kijana liwezalo kukiona kitu kidogo namna hiyo.

Maji ya chemchemi ni mvua iliyozama juu ya kilima ikashuka polepole ndani ya udongo. Udongo huyachuja, na kwa hiyo hutoka yakiwa safi. Lakini choo cha shimo kikiwa upande wa juu na karibu, au ng'ombe wakinywea penye jicho la chemchemi, au maji ya mvua yakiteremka moja kwa moja hadi pale tutekapo, udongo haupati nafasi ya kufanya kazi yake. Hiyo ndiyo sababu hatari huzidi wakati wa masika, ingawa wakati huo ndipo tunapofurahia wingi wa maji.

Dawa ya jambo hili si ngeni kwetu. Kuanzia mwaka 1981 mpango wa maji wa serikali za Kenya na Finland, uliojulikana kwa jina la KEFINCO, ulijengea chemchemi na kuchimba visima vya pampu katika uliokuwa Mkoa wa Magharibi. Kazi ya kujengea chemchemi yafahamika: huchimbwa hadi kwenye jicho, hupangwa mawe, husimamishwa ukuta, huwekwa bomba la kutekea, huchimbwa mfereji upande wa juu ili kuyaepusha maji ya mvua, kisha huzungushwa ua. Lakini ukuta hauna macho. Mfereji ukijaa matope na ua ukaliwa na mbuzi, chemchemi iliyojengewa hurudia hali yake ya kwanza.

Tena, ukuta peke yake hautoshi. Wataalamu Michael Kremer, Jessica Leino, Edward Miguel na Alix Zwane walizichunguza chemchemi za upande wa Busia, na kazi yao ikachapishwa mwaka 2011. Waliona kwamba kuijengea chemchemi kulipunguza vijidudu vya E. coli penye bomba kwa kiasi cha theluthi mbili. Lakini walipoyapima maji yale yale ndani ya nyumba, nafuu ilikuwa kama robo tu. Hata hivyo kuhara kwa watoto kulipungua kwa kiasi cha robo, na hilo si jambo la kudharauliwa. Maana yake ni wazi: maji huweza kutoka safi kilimani yakachafuliwa njiani na nyumbani, kwa mtungi usiooshwa, kwa kata inayolala chini, na kwa mkono wa mtoto. Kwa hiyo akina mama, na akina baba pia, wanayo kazi ya kuyachemsha maji au kuyatia klorini, na kuyahifadhi katika chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko.

Lakini kuna uchafu mwingine usioondolewa kwa moto. Nchi yetu ya Kakamega imechimbwa dhahabu tangu miaka ya 1930, na wachimbaji wadogo hutumia zebaki ili kuikamata dhahabu. Zebaki haishindwi kwa kuchemsha wala kwa klorini. Njia ni moja tu, nayo ni kuwazuia wanaooshea dhahabu karibu na vijito na chemchemi.

Mtauliza, Je, sheria yasemaje? Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 43, yampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama kwa kiasi cha kutosha. Huduma za maji zimewekwa mikononi mwa serikali za kaunti, na Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yaeleza namna ya kuziendesha. Makampuni ya maji yenye leseni huangaliwa na bodi ya usimamizi iitwayo WASREB, na habari za ubora wa maji yao hutolewa katika taarifa zake. Hayo ni mema. Lakini chemchemi iliyo chini ya shamba la mtu haina leseni wala meneja, wala haiandikwi katika taarifa hiyo. Tusipoiandika sisi, haiandikwi.

Na kuandika penyewe kwataka ukweli. Mwezi wa Mei 2000, katika mji wa Walkerton, nchini Kanada, mvua kubwa iliingiza samadi ya ng'ombe katika kisima cha mji. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,000 wakaugua. Mji ule ulikuwa na mabomba, mitambo na klorini. Lakini uchunguzi ulioongozwa na Jaji Dennis O'Connor ulionyesha kwamba wafanyakazi walikuwa wakiandika daftarini vipimo vya klorini ambavyo hawakuvipima, na kwamba majibu mabaya ya maabara yalifichwa watu walipoanza kuugua. Sisi tunaoshika kalamu twalitazama jambo hili kwa hofu. Daftari la uongo ni baya kuliko kukosa daftari, maana hulaza watu usingizi.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta mbele yenu mambo manne.

Kwanza, kila chemchemi itumiwayo na wanachama iwe na walinzi wawili, mwanamke na mwanamume, na daftari lake.

Pili, Chama kimwombe Bwana Afya maji yapimwe mara mbili kwa mwaka, wakati wa masika na wakati wa kiangazi, na majibu yasomwe hadharani katika mkutano, yawe mema au mabaya.

Tatu, pasichimbwe choo kipya upande wa juu wa chemchemi wala karibu nayo kwa mita 30, na mifugo ijengewe mahali pa kunywea upande wa chini.

Nne, sehemu ya akiba ya mwaka ujao itengwe kwa kutengeneza kuta, mifereji na nyua, na kwa kuwasaidia wajane na wazee wasiojiweza kuhamisha vyoo vyao.

Twajua kwamba jambo la tatu na la nne ndiyo mazito. Vyoo hivyo si vya watu wa mbali. Ni vyetu, tuliomo katika mkutano huu. Ng'ombe ni wetu, na mashamba yenye chemchemi ni ya ndugu zetu, ambao huenda wakaogopa kwamba ukuta na daftari vitawanyang'anya ardhi yao. Twawahakikishia kwamba Halmashauri haitafuti shamba la mtu. Yaomba njia ya kupita na mahali pa kutekea, kwa makubaliano yaliyoandikwa mbele ya wazee. Wala majibu ya vipimo hayatasomwa kwa majina ya watu, bali kwa jina la chemchemi.

Ni rahisi kuilalamikia kaunti, na mahali panapostahili tutailalamikia, kwa barua na kwa saini zetu. Lakini tukienda Kakamega mikono mitupu tutaambiwa tungoje. Tukienda na daftari lenye tarehe na vipimo, tutakuwa na neno la kusema, na afisa atakuwa na jambo la kujibu.

Wazee wetu, ninyi ndio mnaosikilizwa penye mipaka na penye ugomvi wa majirani. Bila neno lenu mambo haya manne yatabaki karatasini. Twawaomba myajadili leo, kabla masika hayajarudi, na mtupe idhini ya kuanza.